Mtoto Anaponyamaza Darasani: Ustawi wa Kihisia wa Wanafunzi wa Shule za Msingi

Kila mwezi Januari shule za msingi hupokea watoto wapya wa Elimu ya Awali na Darasa la Kwanza, na wale wa madarasa ya juu hurejea kutoka likizo. Wazazi hununua sare, madaftari na kalamu. Walimu wakuu hukagua madawati na matundu ya vyoo, na maofisa elimu kata hukusanya takwimu za uandikishaji. Maandalizi hayo yote ni ya lazima. Hata hivyo, yapo maandalizi mengine ambayo hayamo katika orodha ya mahitaji wala katika fomu ya takwimu, nayo ni kumwezesha mtoto kuingia darasani akiwa na moyo uliotulia.

Makala haya yanaeleza maana ya ustawi wa kihisia kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mambo yanayouvuruga, dalili ambazo mzazi na mwalimu wanaweza kuziona, wajibu wa kila mmoja, na njia ya kufuata pale ambapo tatizo la mtoto limezidi uwezo wa nyumbani na wa darasani.

Maana ya ustawi wa kihisia

Ustawi wa kihisia ni uwezo wa mtoto kutambua anachohisi, kukieleza kwa njia isiyomdhuru yeye wala mwenzake, na kurejea katika utulivu baada ya kupatwa na jambo la kumhuzunisha, kumtisha au kumkasirisha. Mtoto mwenye ustawi huo hulia anapoumia na hukasirika anapoonewa, kama watoto wote. Lakini anamfahamu mtu mzima wa kumwendea, na hisia zake hazimzuii kula, kulala, kucheza na kujifunza kwa siku nyingi mfululizo.

Wapo wazazi na walimu wanaoona kwamba kuzungumzia hisia za watoto ni kuwadekeza. Hofu hiyo ina msingi wake, kwa kuwa hakuna jamii inayotaka kulea watoto wasiojua mipaka. Lakini kudekeza na kusaidia ni mambo mawili tofauti. Anayedekezwa huachiwa afanye apendavyo. Anayesaidiwa huelekezwa, huonywa na hupewa kazi za umri wake, huku akijua kwamba anayemwonya anamtakia mema. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi walijua pia kwamba anayekunja kwa nguvu kupita kiasi huishia kumvunja.

Suala hili lina uhusiano wa moja kwa moja na taaluma. Chukua mfano wa mwanafunzi anayetakiwa kutoa 27 katika 52. Ni lazima aone kwamba 7 haitoki katika 2, akope kumi, akumbuke kwamba 5 imebaki 4, kisha amalize hesabu. Hatua zote hizo hushikiliwa kichwani kwa wakati mmoja. Mtoto mwenye hofu, iwe ni hofu ya fimbo iliyo mezani au ya ugomvi aliouacha nyumbani, huwa ametumia sehemu kubwa ya fikra zake kujihami. Mwili wake umejiandaa kukimbia, moyo unakwenda mbio, na ile 4 inamtoroka. Mwalimu huona jibu lisilo sahihi na pengine hudhani ni uvivu.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba takribani nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14. Kwa maneno mengine, mengi huanza katika umri ambao mtoto bado yuko shule ya msingi au ndiyo kwanza ameimaliza. Hapa nchini, utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu watoto watatu kati ya kila wanne, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na takribani robo walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kihisia kama kutukanwa, kutishiwa kutelekezwa au kuambiwa hawapendwi. Waliotajwa zaidi kuhusika na vipigo walikuwa watu wa karibu na watoto hao, wakiwemo wazazi, ndugu na walimu.

Mambo yanayowaelemea watoto

Mambo yanayovuruga utulivu wa mtoto hutofautiana kati ya familia na familia, lakini baadhi hujirudia katika kata nyingi.

La kwanza ni njaa. Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kifungua kinywa, na anayejua kwamba hakuna chakula hadi jioni, huwa na hasira za haraka, husinzia na hukosa uvumilivu kwa wenzake. Shule ambazo wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage baada ya mavuno, ili watoto wapate angalau uji saa nne, zinatatua tatizo la lishe na la nidhamu kwa pamoja.

La pili ni mabadiliko ya nyumbani: wazazi kutengana, baba au mama kwenda mbali kutafuta kazi, familia za wafugaji kuhama na mifugo, au mtoto kupelekwa kuishi na bibi, shangazi au baba mdogo. Kuishi na bibi si tatizo, na watoto wengi wamelelewa vema na bibi zao. Tatizo hujitokeza pale mtoto anapohamishwa bila kuelezwa sababu wala muda. Hubaki akijiuliza kama alifanya kosa gani.

La tatu ni uonevu wa wanafunzi kwa wanafunzi. Mtoto hudhihakiwa kwa sababu ya ulemavu, ualbino, sare iliyochanika, kushindwa kusoma, au kuongea Kiswahili chenye lafudhi ya lugha ya nyumbani. Majina ya utani ambayo watu wazima huyachukulia kama mzaha huweza kumfanya mtoto achukie shule kabisa. Kwa wasichana wa madarasa ya juu, kuchafuka kwa hedhi darasani na kuchekwa na wavulana kunatosha kuwafanya wakose masomo siku kadhaa kila mwezi.

La nne ni adhabu zinazodhalilisha. Kumsimamisha mtoto mbele ya mstarini na kumwita mjinga hakumfundishi alichokosea. Humfundisha kujificha.

La tano, ambalo huzungumzwa kwa nadra, ni kufiwa. Katika jamii nyingi mtoto hupelekwa kwa majirani wakati wa msiba, huambiwa kwamba mama amesafiri au amelala, na baada ya arobaini maisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wazima hufanya hivyo kwa huruma, wakitaka kumwepusha na uchungu. Matokeo yake huwa kinyume. Mtoto aliyeambiwa mama amesafiri hungoja, na kila gari linaposimama karibu hutoka nje kutazama. Aliyeambiwa amelala huweza kuogopa kulala. Na anapokuja kuugundua ukweli kutoka kwa watoto wenzake, hupoteza imani kwa wale waliomficha, kwa hiyo hana tena wa kumuuliza maswali yaliyobaki.

Mtoto wa umri wa shule huweza kuelewa kifo akielezwa kwa maneno ya wazi: kwamba mwili wa marehemu umeacha kufanya kazi, kwamba harudi, kwamba si kosa la mtoto, na kwamba fulani ndiye atakayemtunza. Dini na mila za familia hukamilisha maelezo hayo. Mtoto aruhusiwe kulia, wa kiume sawa na wa kike. Aruhusiwe pia kucheza, kwani watoto huhuzunika kwa vipindi: hulia sasa, hucheza mpira baada ya nusu saa, kisha hulia tena usiku. Kucheza huko si ishara kwamba amesahau. Kwa upande wa shule, ni muhimu mwalimu wa darasa apewe taarifa ya msiba, amwandae mtoto na wenzake siku ya kurejea, na aendelee kumfuatilia kwa miezi, kwa sababu huzuni nyingi hujitokeza pale wageni wa matanga wanapokwisha kuondoka.

Dalili za kuangalia

Watoto wachache husema moja kwa moja kwamba wana huzuni au hofu. Wengi huonyesha kwa tabia na kwa mwili.

Kwa watoto wa Awali hadi Darasa la Pili, dalili za kawaida ni kulia kila asubuhi baada ya wiki za mwanzo kupita, kurudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kumng'ang'ania mtu mzima, kuacha kucheza, au kulalamika tumbo linauma siku za shule na kupona siku ya Jumamosi.

Kwa Darasa la Tatu hadi la Tano, mtoto huweza kuwa mgomvi ghafla, kuiba vitu vidogo, kushuka kitaaluma katika muda mfupi, kukaa peke yake wakati wa mapumziko, au kuanza utoro wa siku mojamoja, hasa siku ileile kila wiki.

Kwa Darasa la Sita na la Saba huongezeka kujidharau, kukosa usingizi kwa ajili ya mitihani, kujitenga na marafiki wa zamani, kukaa na watu waliomzidi umri sana, kuwa na fedha au zawadi asizoweza kuzieleza, na kauli kama "bora nisingezaliwa." Kauli ya namna hiyo isichukuliwe kuwa utani hata siku moja. Mtoto akiitoa, asiachwe peke yake, na hatua za rufaa zilizoelezwa hapa chini zianze siku hiyohiyo.

Dalili moja pekee haitoshi kuthibitisha tatizo. Kinachopaswa kuzingatiwa ni mabadiliko: mtoto huyu alikuwaje miezi miwili iliyopita, na hali hii imedumu kwa muda gani? Aidha, kabla ya kuhitimisha kwamba ni suala la kihisia, maradhi ya mwili yachunguzwe katika zahanati. Mtoto anayesinzia huenda ana malaria, minyoo au upungufu wa damu. Anayeonekana mkaidi kwa kutoitika huenda hasikii vizuri, na asiyenakili ubaoni huenda haoni.

Mwili na hisia havitengani, na historia ya nchi yetu ina mfano unaojulikana duniani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera ya leo, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ilienea hadi kuwapata wanafunzi 95 kati ya 159, wakicheka na kulia kwa vipindi, ilhali walimu hawakupatwa. Tarehe 18 Machi shule ililazimika kufungwa. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala vijidudu. Maelezo yaliyokubalika zaidi tangu wakati huo ni kwamba msongo wa mawazo ulipata njia ya kutokea kupitia mwilini na kuambukizana kwa kutazamana. Wanafunzi wanapoanguka au kupiga kelele kwa makundi shuleni, jambo ambalo bado hutokea katika mikoa mbalimbali, hatua zinazofaa ni kuwatenganisha kwa utulivu, kuondoa watazamaji, kumwita mtaalamu wa afya, na baadaye kuwauliza wanafunzi kwa upole ni jambo gani linalowasumbua. Kumtafuta mchawi wa kulaumiwa huongeza hofu ileile iliyosababisha tatizo, na huweza kuhatarisha maisha ya mtu asiye na hatia.

Wajibu wa shule

Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi wengi hawezi kukaa na kila mmoja kila siku, na hakuna anayelitarajia hilo. Yapo mambo yasiyohitaji fedha wala muda mrefu ambayo hubadili hali ya darasa zima.

Kwanza, kuwapokea watoto mlangoni na kuwaita kwa majina yao. Mwalimu anayefanya hivyo hutambua kwa dakika chache nani amekuja amevimba macho. Pili, kuwa na utaratibu wa siku usiobadilika ovyo, kwa sababu mtoto anayeishi katika nyumba yenye vurugu hupata nafuu kubwa anapojua kitakachofuata. Tatu, kutumia daftari la mahudhurio kama chombo cha malezi. Mtoto anayekosa kila siku ya gulio huenda anauza bidhaa, na anayekosa kila Jumatatu huenda anakimbia jambo fulani la mwisho wa wiki. Nne, kulinda vipindi vya michezo na sanaa. Michezo si nafasi ya UMITASHUMTA kwa wenye vipaji pekee; ni mahali ambapo mtoto asiyeweza kusema hujieleza.

Kila shule inapaswa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi, na inafaa wawe wawili, wa kike na wa kiume, ili mtoto awe na hiari ya kuchagua. Serikali pia imeelekeza kuanzishwa kwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule. Pale yanapofanya kazi vizuri, wanafunzi wanamfahamu kwa sura mwalimu anayehusika, chumba kinachotumika kinaonekana kutoka nje bila mazungumzo kusikika, na sanduku la maoni hufunguliwa kwa siku maalumu na watu zaidi ya mmoja, ili barua isiangukie mikononi mwa yule anayelalamikiwa.

Mtoto anapoamua kuzungumza, mwalimu amsikilize hadi mwisho bila kumkatiza, bila kushtuka na bila kumuuliza kwa nini hakusema mapema. Amwambie kwamba amefanya vema kusema na kwamba kosa si lake. Asimwahidi kwamba atatunza siri kwa hali yoyote. Amweleze kwamba jambo hilo litaambiwa wale tu wanaoweza kusaidia. Kisha aandike alichosikia kwa maneno ya mtoto mwenyewe, tarehe na saa, na akihifadhi mahali penye kufuli. Taarifa za mtoto kuwa mazungumzo ya chumba cha walimu ni kumwadhibu mara ya pili, na watoto wengine wakiona hivyo hawatasema tena.

Kuhusu adhabu ya viboko, kanuni zilizopo zimeweka mipaka ambayo baadhi ya wazazi na hata walimu hawaifahamu. Adhabu hiyo hutolewa na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kwa makosa makubwa tu. Viboko havizidi vinne, mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo hayupo, na kila adhabu huandikwa katika daftari maalumu. Kumpiga mtoto kwa sababu amekosa hesabu, amechelewa kwa kusubiri mvua ipungue, au mzazi hajachangia chakula, kuko nje ya kanuni hizo. Walimu wengi wamebaini kwamba kumpa mkosaji kazi ya kurekebisha alichoharibu, kumwondolea jukumu analolipenda kwa muda, au kuzungumza naye pamoja na mzazi, hubadili tabia bila kuvunja uhusiano ambao mwalimu atauhitaji kesho yake ili kumfundisha.

Walimu nao ni binadamu. Anayefundisha madarasa yaliyojaa, akiwa mbali na familia yake, naye huchoka na kukasirika. Mwalimu Mkuu anayegawa vipindi kwa haki na kuwasikiliza walimu wake anawatunza wanafunzi kupitia kwao.

Wajibu wa wazazi na walezi

Mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa hisia, kwa kuwa mtoto hujifunza namna ya kukasirika na namna ya kupatana kwa kuwatazama watu wazima wa nyumbani kwake. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoanza mwaka 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, imeweka malezi yenye mwitikio kuwa miongoni mwa mambo matano ya msingi, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio maana yake ni mzazi kuona ishara ya mtoto na kuijibu. Mwaka 2023 Serikali ilitoa pia waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa wanafunzi wa Awali hadi Darasa la Nne, kwa msingi kwamba watoto wa umri huo wanahitaji kukaa karibu na wazazi na jamii yao.

Mzazi anayerudi jioni kutoka shambani, sokoni au kazini anaweza kutenga dakika kumi tu. Swali "umesomaje leo?" mara nyingi hujibiwa "vizuri" na mazungumzo huishia hapo. Maswali mahususi huzaa zaidi: leo ulikaa na nani? Nani alichekwa? Ni kitu gani kilikufurahisha? Mazungumzo hayo huwa mepesi zaidi wakati mikono ina kazi, kama wakati wa kuchambua mchele au kuchota maji, kuliko mtoto anapoitwa na kukalishwa kama mshtakiwa.

Matokeo ya mitihani yanapotoka, mzazi aanze kwa kutaja kilichoongezeka kabla ya kilichopungua, na asimlinganishe mtoto na ndugu zake. Upimaji wa Darasa la Nne na Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi ni muhimu, lakini hakuna kati ya hiyo unaopima thamani ya mtoto. Kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi, ila zigawiwe kwa haki kati ya wa kike na wa kiume, na ziache muda wa kucheza na kulala. Ugomvi wa wazazi usifanyike mbele ya watoto, wala mtoto asitumwe kubeba maneno kati ya baba na mama waliotengana.

Kwa mtoto aliyekatisha masomo, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu kurejea shuleni. Mtoto huyo hurudi na aibu nyingi. Mzazi na mwalimu wakubaliane mapema namna atakavyopokelewa.

Njia ya kufuata tatizo linapozidi

Tatizo lisilo la dharura lianze kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa unasihi. Wakutane na mzazi, wakubaliane jambo moja au mawili ya kujaribu nyumbani na shuleni, na wapange tarehe ya kukutana tena, kwa mfano baada ya wiki mbili. Hali isipobadilika, Mwalimu Mkuu humpeleka mtoto kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Pale ambapo kata haina afisa huyo, Afisa Maendeleo ya Jamii au Mtendaji wa Kata huwasiliana na ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Wilaya. Afisa huyo huweza kuitembelea familia, kutoa unasihi na kumwelekeza mtoto hospitalini ikiwa anahitaji huduma ya afya ya akili. Kumpeleka mtoto huko si kumtangaza kuwa mwendawazimu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya moyo uliojeruhiwa hayana tofauti.

Ukatili, hasa wa kingono, haupiti katika ngazi hizo. Taarifa itolewe mara moja kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na mtoto afikishwe kituo cha afya haraka iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI ni lazima zianze ndani ya saa 72. Asiogeshwe, wala nguo alizovaa zisifuliwe kabla ya uchunguzi. Baadhi ya hospitali zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako huduma za afya, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kumaliza shauri la namna hiyo kwa faini ya ng'ombe au fedha kati ya familia mbili ni kumrudisha mtoto mikononi mwa aliyemdhuru.

Mtoto mwenyewe, au mtu yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto, anaweza kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Wajibu wa jamii na viongozi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto katika eneo lake. Sheria hiyohiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzipeleka kwa mamlaka hiyo. Jirani anayesikia mtoto akilia kila usiku hawezi kusema hayamhusu.

Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto za vijiji na kata, ambazo wengi huziita kamati za MTAKUWWA, ndizo zilizo karibu zaidi na wananchi. Zinapokutana kwa ratiba na kualika walimu wa unasihi, hupata taarifa kabla jambo halijawa kesi. Kamati za shule na Umoja wa Wazazi na Walimu nao wanaweza kuweka suala hili katika ajenda zao, sambamba na madawati na chakula. Viongozi wa dini, wazee wa mila na makocha wa timu za mitaani wana nafasi ambayo hakuna ofisa anayeweza kuijaza, kwa kuwa watoto huwasikiliza kwa hiari.

Mkutano wa kwanza wa wazazi wa muhula ni mahali pazuri pa kuanzia. Wazazi wanaweza kuuliza mambo matatu: mwalimu wa unasihi ni nani, sanduku la maoni hufunguliwa lini na nani, na daftari la adhabu linatunzwa wapi. Shule ambayo maswali hayo yana majibu ya wazi imekwisha kupiga hatua kubwa. Pale ambapo majibu hayapo, Kamati ya Shule kwa kushirikiana na Mwalimu Mkuu iyatafute kabla ya muhula kwisha, na Afisa Elimu Kata aarifiwe ili afuatilie utekelezaji.